Amri na Mamlaka: Kuusoma Ufalme wa Mungu Kutoka Kotile

Kotile iko Ijara, Kaunti ya Garissa, karibu na Mto Tana. Wakazi wake wengi ni Wasomali Waislamu. Mkristo huko ni mmoja kati ya wachache. Ndiyo maana panafaa kuulizia swali ambalo mijini hujibiwa kwa vipaza sauti: Yesu alipowapa wanafunzi wake mamlaka, aliwapa nini hasa?

Tuanze na neno. Kigiriki kinasema exousia. Biblia ya Union Version ya 1952 inalitafsiri "amri" katika Mathayo 7:29 na Luka 10:19, kisha "mamlaka" katika Mathayo 28:18. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. "Mamlaka", lenye shina m-l-k, kwa Waarabu ni ufalme wenyewe. Shina hilo mtoto wa madrasa hulitamka kila asomapo Al-Fatiha, Mungu anapotajwa kuwa mwenye kumiliki Siku ya Malipo. Mtoto huyo hana haja ya kuelezwa kwamba mamlaka yana Mwenyewe, na kwamba binadamu huyashika kwa dhamana tu.

Hapo ndipo wahubiri wengi huteleza. Luka 10:19, penye habari ya kukanyaga nyoka na nge, husomwa kama hatimiliki. Aya ya 20, inayowakataza wanafunzi kufurahia kutiiwa na pepo, hurukwa. Akida wa Mathayo 8 alielewa zaidi: kabla ya kuwataja askari anaowatuma, alikiri kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka. Naye Yesu, katika Marko 10:42-45, anampima mkubwa kwa utumishi wake.

Kuna pingamizi la haki: je, Paulo hasemi katika 1 Wakorintho 4:20 kwamba ufalme wa Mungu ni nguvu, si maneno? Anasema. Lakini katika aya ya 11 hadi ya 13 za sura hiyohiyo anajieleza: ana njaa, hana makao, anafanya kazi kwa mikono yake, anatukanwa na kubariki. Nguvu anazozitaja hazitenganiki na maisha hayo.

Matukio mawili ya Kenya yanaipima hoja hii. Tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili mjini Garissa yalishambuliwa na watu 17 wakauawa. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu walikubali vijana wao wasaidie kuyalinda. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Huku, watu wasiodai mamlaka yoyote kanisani walijitolea kulinda uhai wa jirani. Kule, jina la Kristo lilitumika na watoto wakafa njaa. Anayedai mamlaka ya ufalme na aulizwe kwanza: nani yuko salama zaidi kwa sababu yako?