Mgonjwa na Daktari Wasipoelewana Lugha: Mambo ya Kujua Kabla ya Kwenda Hospitali

Mwezi wa Juni 2018 madaktari 100 kutoka Cuba waliwasili Kenya kwa makubaliano ya serikali mbili, wakasambazwa katika hospitali za kaunti. Lugha yao ni Kihispania. Wagonjwa waliowakuta walikuwa watu wa Kiswahili na lugha za nyumbani. Oktoba 2023 Waziri wa Afya wa wakati huo, Susan Nakhumicha, alitangaza kwamba mkataba ule umefikia kikomo. Madaktari wamekwenda zao, lakini suala la lugha limebaki. Mgonjwa akisema hivi na daktari akaelewa vile, anayeumia ni mgonjwa.

Wala hatuhitaji mgeni kutoka Cuba ili tulione. Likoni kuna wazee wa Kidigo ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Kisauni kuna kina mama wa Kigiriama na familia za Kisomali. Changamwe, kwa ajili ya viwanda na bandari, kuna watu wa kila pembe ya Kenya, na baharia mgonjwa huweza kushushwa Kilindini bila kujua neno la Kiswahili. Upande wa pili wa meza, daktari au nesi huenda ametoka bara na Kiswahili chake si chetu.

Neno moja lilivyomlemaza kijana

Kisa kinachotajwa sana duniani kilitokea Florida, Marekani, mwaka 1980. Kijana wa miaka 18, Willie Ramirez, alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake, wenye asili ya Cuba, walisema yuko "intoxicado". Kwa Kihispania chao, maana yake ni mtu aliyedhurika kwa kitu alichokula au kunywa. Madaktari wakasikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Ilipogunduliwa, wakati ulikuwa umepita, na kijana akapooza mikono na miguu. Fidia yake ilihesabiwa kufikia dola milioni 71 hivi.

Hakuitwa mkalimani yeyote, kwa sababu kila upande uliamini umeelewa. Hatari kubwa ndiyo hiyo. Asiyeelewa kabisa atauliza, lakini anayedhani ameelewa huendelea na kazi.

Maneno yetu yanayoleta utata

Saa. Saa mbili asubuhi yetu ni saa nane kwa hesabu ya Kizungu. Ukiandikiwa 8 kwenye pakiti ya dawa, ukaisoma kwa hesabu ya Kiswahili, utameza dawa saa sita kabla au baada ya wakati wake. Uliza: ni baada ya chai ya asubuhi, au kabla ya kulala?

Homa. Kwetu Pwani homa ni mwili kuchemka. Kwa wengi wa bara homa ni mafua. Mama akisema "mtoto ana homa tangu juzi", nesi anaweza kufikiria makamasi. Sema "mwili wake ni moto".

Tumbo. Neno hili hubeba kuanzia chembe cha moyo hadi uzazi. Weka kidole panapouma.

Mshipa. Wengine humaanisha mshipa wa damu, wengine ngiri au busha. Eleza unachokiona na unachokisikia mwilini, usitaje jina la ugonjwa peke yake.

Mguu na mkono. Mguu wetu unaanzia nyongani hadi kwenye vidole. Onyesha ni goti, ni muundi, ama ni kisigino.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imefanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Kwa hiyo ukiomba kuelezwa kwa Kiswahili, unadai haki yako. Hujaomba hisani.

La kufanya ukifika hospitali

1. Sema lugha yako mapema, pale unapoandikishwa. Usingoje mpaka uko mbele ya daktari.

2. Chagua mkalimani mtu mzima. Mtoto wa shule asifanywe mkalimani wa mamake. Hajui maneno ya ugonjwa, na kuna habari si za kubebeshwa mtoto. Marekani, kanuni za 2016 zilizuia hospitali kumtegemea mtoto kwa kazi hii isipokuwa kwa dharura.

3. Chunga stara. Bibi hatataja maradhi ya uzazi mbele ya mkwewe wa kiume, ataishia kusema "tumbo". Mwanamke atafutiwe mwanamke, na mwanamume vivyo hivyo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini lazima kwanza apate wa kumwonyesha bila haya.

4. Mkalimani aseme yote. Asikate, asiongeze, asijibu kwa niaba ya mgonjwa, na asifiche habari nzito kwa huruma.

5. Beba pakiti za dawa unazotumia, zikiwemo za miti shamba, na utaje dawa yoyote iliyowahi kukudhuru.

6. Rudia maagizo kwa maneno yako mwenyewe kabla ya kutoka. Daktari akisikia umekosea, atasahihisha hapo hapo.

7. Usitie saini wala dole gumba kwenye fomu ya upasuaji kabla hujaelewa. Programu ya kutafsiri ya simu yafaa kuulizia maji au choo, haifai kwa idhini ya kupasuliwa.

Kwa wasimamizi wa hospitali

Hospitali zetu, kama vile ya Likoni na ya Port Reitz, zina wafanyakazi wanaojua Kidigo, Kigiriama, Kisomali na lugha nyinginezo. Orodha ya majina na lugha zao ikibandikwa kwenye chumba cha kuandikisha wagonjwa, pamoja na zamu zao, gharama yake ni karatasi moja. Viziwi nao wasisahauliwe, maana lugha ya ishara imetajwa kwenye Katiba hiyo hiyo.

Wewe msomaji, kama una mzee nyumbani asiyejua Kiswahili vizuri, amueni leo nani atafuatana naye akiugua. Usiku wa dharura, mkiwa mnangoja feri ya Likoni, si wakati wa kuanza kutafuta mkalimani.