Udongo Mkiani

Magole ndege tulitengeneza kwa mlingoti wa mkonge uliokauka. Ni mwepesi, unaukata kwa kisu cha jikoni. Mabawa boksi, pangaboi kipande cha bati, na nguvu ni mpira wa manati uliosokotwa. Ya kwanza ilichomeka pua chini. Udongo ukabandikwa mkiani: ikainua kichwa, ikagoma hewani, ikaanguka. Kaka yangu akasema dawa ni kujenga kubwa zaidi. Hiyo kubwa haikuinuka kabisa. Hatukusemeshana siku mbili.

Nilipokuja kusoma habari za ndugu wawili Wright nikacheka peke yangu. Mwaka 1878 baba yao aliwaletea kidude kinachopaa wima kwa mpira, cha aina aliyobuni Mfaransa Alphonse Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Wakaunda vingine, na kila walipokuza, kikaruka vibaya zaidi. Ukubwani walieleza sababu: ukizidisha vipimo mara mbili, nguvu inayotakiwa ni mara nane. Eneo la bawa, kumbe, linaongezeka mara nne tu wakati uzito unakwenda mara nane. Kaka yangu alikutana na hesabu hiyohiyo, ila yeye aliipiga teke.

Huyo Pénaud ndiye aliyeninasa. Agosti 1871, kwenye bustani ya Tuileries, Paris, alirusha ndege ndogo ya mpira, ikaenda kama mita 40 kwa sekunde 11. Siri ilikuwa mkia. Aliuweka kwa pembe ndogo kuliko ya bawa, hivyo pua ikipanda, mkia unanyanyuliwa na hewa na pua inarudi. Ikishuka, mkia unakandamizwa. Ndege inajirekebisha yenyewe. Gharama yake ipo: sehemu ya nguvu ya kuinua inapotea. Alikubali kuipoteza. Sisi tulitafuta utulivu kwa udongo. Yeye kwa pembe, ambayo haina uzito.

Mwaka 1876 yeye na fundi Paul Gauchot walipata hataza ya ndege kubwa ya kubeba watu. Injini nyepesi ya kuirusha haikuwepo bado, na mfadhili hakupatikana. Pénaud alijiua Oktoba 1880, na umri wake miaka 30.

Nilimsimulia kaka kwa simu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza ule udongo aliubandika nani.

Mimi.