Wazazi wa Watoto Wenye Ualbino katika Mwambao wa Nyanza-Lac

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika uanziao Rumonge, nchini Burundi, penye mashamba ya michikichi, ukateremka kusini hadi Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania, maisha ya watu tangu zamani yamefungamana na maji na jua: wavuvi hutoka usiku na taa zao kuwatafuta ndagala, na kunapopambazuka samaki huanikwa, wakubwa na wadogo wakishirikiana katika kazi hiyo. Kwa aila iliyojaaliwa mtoto mwenye ualbino, ushirika huo mwema ndio uliokuwa mtihani wa kwanza, kwa kuwa ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huungua upesi, na macho huumizwa na mwanga unaorudishwa na maji.

Ulaya huihesabu hali hii miongoni mwa maradhi adimu, kwani humpata mtu 1 katika 17,000 hadi 20,000, ilhali Tanzania imekadiriwa kuwa na mtu 1 katika 1,400 hivi. Aghalabu mtoto huirithi kwa baba na mama kwa pamoja, nao wote wawili waweza kuwa weusi kama jamaa zao, na kila mimba yao ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto wa namna hiyo. Ilimu hii ilichelewa mno kuwafikia waliokuwa na haja nayo. Kabla ya hapo, mke alishukiwa uzinzi, akasutwa na mawifi, na mara nyingi akaachwa alee peke yake. Wala sioni dhulma kubwa kuliko kumlaumu mtu mmoja kwa urithi uliotoka kwa wawili.

Msaada wa kale ulikuwa wa nyanya, shangazi na majirani. Walakini mwambao huu ulipigwa na machafuko ya mwaka 1972, yaliyoanzia Rumonge na Nyanza-Lac, kisha na vita vilivyozuka mwaka 1993. Maelfu wakakimbilia Tanzania, jamaa wakatawanyika, na mzazi mwenye mtoto wa kuangaliwa kwa makini akapungukiwa na mikono ya kumsaidia.

Mwaka 2008 ukaleta hofu iliyopita zote. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyokwisha kuenea Tanzania, yakavuka mpaka na kuingia mashariki ya Burundi, yakichochewa na waganga waliowaahidi wateja wao utajiri, na hata wavuvi wakadanganywa kwamba nywele za wenye ualbino zikifumwa katika nyavu huleta samaki. Huko Ruyigi, mwendesha mashtaka Nicodème Gahimbare aliwakusanya waliotishwa mahali pamoja chini ya ulinzi, na mwaka 2009 mahakama ya huko ikawahukumu watu kadhaa kwa jinai hiyo. Ng'ambo ya mpaka, shule ya Kabanga, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, ikawa maficho ya watoto, na baadhi ya akina mama wakahamia huko pamoja nao.

Hifadhi hiyo iliokoa roho, na waliojitolea wanastahili taadhima. Lakini mtoto aliyefichwa nyuma ya ukuta hutengwa na baba yake, na ndugu zake, na mtaa ambao ungepaswa kumzoea. Na mama aliyehama naye huliacha shamba lake na wana wengine. Naamini kwa dhati kwamba nusura ya kweli ni ile inayomfuata mzazi nyumbani kwake: kofia pana, nguo za mikono mirefu, kiti cha mbele darasani kwa mtoto asiyeona mbali, na tabibu anayemweleza baba, mbele ya mkewe, ile hesabu ya 1 katika 4.

Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi imewatibu bure watoto walio chini ya miaka 5, neema kubwa kwa maskini. Ila madhara ya jua hujilimbikiza polepole, na saratani ya ngozi humjia mtu ujanani, umri huo wa msamaha ukiwa umepita zamani. Huko Moshi, nchini Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi, yametengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mama wa Nyanza-Lac huyahitaji kila asubuhi, kwa miaka yote ya kulea.