Uso wa Gita na Majina Yake

Makala haya yanakusudia kueleza historia fupi ya majina ya chombo kimoja cha muziki, yaani gita lisilotumia umeme, na hasa majina ya ule ubao wa mbele ambao nyuzi hupita juu yake. Wauzaji wa nchi za nje huyagawa magita haya katika mafungu mawili kwa kuutazama ubao huo, na bei hutofautiana sana. Mtafsiri anayeletewa orodha ya bei, mwalimu anayetaka kununua gita la shule, na mtumishi wa Serikali anayeidhinisha fedha, wote watatu wanahitaji majina mawili yasiyowapoteza. Tumezichagua Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ziwe kielelezo, kwa kuwa katika wilaya hizi jirani mbao na hewa ni mambo ambayo kila mtu anayajua.

Kwanza yafaa tueleze kitu chenyewe. Uso wa aina ya kwanza hufanywa kwa ubao wa mti kama ulivyopasuliwa, ukapigwa randa mpaka ukabaki na unene wa milimita 3 hivi. Mti unaopendwa ni sprusi, ulio wa jamii ya msonobari, au mwerezi. Uso wa aina ya pili hufanywa kwa bamba nyembamba za mti, kwa kawaida tatu, zilizogandishwa kwa gundi moja juu ya nyingine, mistari ya mti ya kila bamba ikikingama na ile ya jirani yake. Wananchi wengi huita mbao za namna hii plaiwudi.

Tofauti hii si ya sura tu. Uso ndio unaotikisika na kutoa sauti. Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres alitengeneza gita lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, lakini uso akaufanya kwa ubao wa sprusi, ili kuonyesha kwamba sauti hutegemea uso kuliko sehemu nyingine. Ubao wa aina ya kwanza hutikisika kwa wepesi, na sauti yake huwa pana. Katika ubao wa aina ya pili bamba na gundi hushikana na kuzuiana, hata sauti ikapungua. Lakini mti hunyonya unyevu ukavimba, na hukauka ukanywea; na hapo kule kushikana kwa bamba hugeuka kuwa faida, kwa kuwa kila bamba huizuia nyingine isitanuke wala kupasuka. Aliye Handeni, nchi ya nyika ambayo historia yake imejaa habari za ukame, au aliye Korogwe katika bonde la mto Pangani, ambako masika huleta unyevu mwingi baada ya miezi ya jua kali, hana haja ya kuelezwa zaidi. Milango ya nyumba yake humwonyesha hayo kila mwaka.

Je, lugha yetu ilikuwa tupu katika jambo hili kabla ya gita kufika? Hata kidogo. Watu wa pwani walikuwa na gambusi, ambalo uso wake huwambwa ngozi kama ngoma, na udi, ambao uso wake ni wa mbao. Na jina la udi latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mti. Hivyo kutofautisha vyombo kwa nyuso zake si jambo geni kwetu. Tena yafaa tukumbuke mambo ya bahari. Chombo kilichochongwa katika gogo moja huitwa mtumbwi. Kilichoundwa kwa mbao nyingi huitwa mashua au jahazi. Na kile kilichoshonwa kwa kamba kiliitwa mtepe. Majina haya hueleza chombo kilivyo na jinsi kilivyoundwa. Hayasemi kwamba hiki ni cha kweli na kile ni cha uongo. Hakuna nahodha aliyepata kusema kwamba jahazi ni mtumbwi wa bandia.

Gita liliingia katika nchi iliyokuwa ikibadilika kwa haraka. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakakusanya vibarua wa makabila mengi, ambao lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili. Baadaye mji wa Tanga ukawa na bendi mashuhuri, kama vile Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walianzia katika muziki huo kabla ya kwenda Arusha, na kisha Nairobi katika miaka ya 1970, ambako bendi yao ya Simba Wanyika ilipata sifa kubwa. Bendi hizo zilipiga magita ya umeme. Gita lisilo na umeme likabaki kuwa la wanafunzi, la nyumbani na la kwaya.

Gita hilo wananchi waliliita galatoni, na wengine wakaliita gita kavu. Jina la kwanza lina asili ya ajabu. Gallotone ilikuwa alama ya biashara ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg, iliyoanza mwaka 1926 na ambayo iliuza sahani za santuri pamoja na magita ya bei nafuu katika sehemu nyingi za Afrika. Magita hayo yalivuka hata bahari. Kijana John Lennon wa Liverpool alikuwa akipiga Gallotone Champion mwaka 1957, na lebo iliyokuwa ndani yake ilidhamini kwamba gita hilo halitapasuka. Dhamana hiyo iliwezekana kwa sababu mbao zake zilikuwa za kugandishwa kwa tabaka. Muuzaji alijua kwamba mnunuzi wa nchi za joto huogopa ufa kuliko sauti hafifu.

Hapa ndipo historia inapotufundisha. Neno galatoni lilikuwa jina la bidhaa moja, likawa jina la jamii nzima ya magita. Hakuna aibu katika hilo, kwa kuwa lugha zote hufanya hivyo. Lakini neno lilipopanuka lilimeza tofauti iliyokuwa muhimu. Gita la bei kubwa lenye uso wa sprusi, na gita la bei ndogo lenye uso wa plaiwudi, yote mawili yakaitwa galatoni. Mwalimu akiomba galatoni, hajasema anataka lipi. Na mwenye duka akimpa galatoni, hajamdanganya.

Baadhi ya watu wamejaribu kuliziba pengo hili kwa kusema ‘ubao halisi’ na ‘ubao bandia’. Twaona jozi hii haifai. Bamba za plaiwudi zimetoka katika mti kama ubao mwingine wowote. Aidha neno ‘bandia’ limekwisha kutoa hukumu kabla mnunuzi hajafikiri. Shule yenye gita moja, isiyo na kabati la kulihifadhi wala fundi wa kulitengeneza, yaweza kuhudumiwa vizuri zaidi na gita la plaiwudi. Mhasibu akisoma ‘bandia’ atalikataa, na shule itanunua gita la ‘halisi’ litakalopata ufa kabla mwaka haujaisha.

Wengine husema ‘ubao mmoja’ au ‘ubao mzima’. Maneno haya ni mazuri kuyasikia, lakini si ya kweli. Uso wa aina ya kwanza kwa kawaida ni mapande mawili yaliyounganishwa ubavu kwa ubavu, na kiungo chake huonekana katikati. Msomaji makini atakiona kiungo hicho na kudhani ameuziwa kitu kingine. Neno ‘plaiwudi’ nalo litaendelea kutumika dukani, lakini peke yake halina mwenzake wa kutaja aina ya kwanza. Tena mtafsiri asilichanganye na ubao wa chembechembe za mti zilizogandishwa, wa namna iliyotengenezwa na kiwanda cha Tembo Chipboards huko Mkumbara, wilayani Korogwe. Huo ni ubao wa tatu, na una jina lake.

Kwa hiyo twapendekeza ‘uso wa tabaka moja’ na ‘uso wa matabaka’. Jozi hii hutumia neno tulilo nalo tayari. Haisifu wala haitukani. Tena inaweza kuthibitishwa kwa macho: mnunuzi na autazame ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mti ikishuka moja kwa moja katika unene wote wa ubao, huo ni uso wa tabaka moja. Akiona bamba zimelaliana kama kurasa za kitabu, huo ni uso wa matabaka. Rangi nzito yaweza kuficha ukingo, na hapo mnunuzi ana haki ya kumtaka mwenye duka aandike aina ya uso katika stakabadhi.

Galatoni na libaki katika mazungumzo, maana lina historia yake. Katika orodha za bei, vitabu vya ufundi na hati za ununuzi, jozi tuliyoitaja ndiyo itumike. Tungefurahi kupata kutoka kwa walimu na maseremala wa Handeni, Korogwe na kwingineko maneno wanayoyatumia wao kwa sehemu nyingine za gita, kwani mbavu, shingo na kiungo cha nyuzi navyo vyangoja majina yaliyokubaliwa.