Uzi: "Wameandika barua tu!" Kwa nini karatasi ya kibalozi ina nguvu kuliko kelele

1/ Kila tukikosana na jirani, hapa mtandaoni hoja ni ileile: "Ati Wizara imeandika barua tu! Hii serikali imelala." Hebu tulia kidogo. Kati ya nchi na nchi, barua si salamu. Ni ushahidi. Twende polepole, mwishoni tutafika baharini.

2/ Tuanze na zile sherehe za itifaki tunazochekelea. Mwaka 1661, jijini London, watu wa balozi wa Uhispania na wa balozi wa Ufaransa walipigana barabarani hadi wengine wakafa. Kisa? Gari la farasi la nani litangulie kwenye msafara wa kumpokea balozi mpya wa Sweden. Kutangulia kwa balozi kulikuwa kutangulia kwa mfalme wake.

3/ Mkutano wa Vienna wa 1815 ukaanza kumaliza huo ugomvi: mabalozi wa daraja moja wapangwe kwa tarehe ya kufika kwao rasmi. Si kwa utajiri wa nchi, si kwa wingi wa majeshi. Ndiyo maana hadi leo balozi wa kisiwa kidogo anaweza kutangulia mbele ya balozi wa taifa kubwa. Itifaki ni kinga ya mnyonge.

4/ Mkataba wa Vienna wa 1961 ukakusanya desturi hizi. Nchi inaweza kumkataa balozi anayependekezwa, au kumfukuza aliyepo, bila kutoa sababu. Na shughuli rasmi za ubalozi hupitia Wizara ya Mashauri ya Kigeni, au wizara nyingine iliyokubaliwa. Kwa hivyo ukiuliza "mbona hawasemi sababu?", jibu ni kwamba sheria haiwalazimishi.

5/ Waraka wa kibalozi wenyewe una mtindo wake. Hakuna "mimi" wala "wewe". Wizara inautolea Ubalozi heshima zake, inasema shida, kisha "inatumia fursa hii" kurudia heshima zilezile. Hata kama katikati kuna malalamiko makali! Kwa kawaida chini kuna muhuri na herufi za mkato, si jina la mkubwa. Anayesema ni dola, si mtu. Mtu ataondoka ofisini, waraka utabaki kwenye faili.

6/ Septemba 2022 tuliliona hili waziwazi. Ujumbe uliwekwa Twitter kwamba Kenya imeacha kuitambua Jamhuri ya Sahrawi. Ukafutwa. Siku chache baadaye Wizara ikaandika kwamba Kenya haiendeshi sera yake ya kigeni kwenye mitandao ya kijamii, bali kwa hati na taratibu rasmi. Posti unaweza kuifuta. Waraka uliopokelewa na kugongwa muhuri, utaufutaje?

7/ Sasa bahari. Tarehe 7 Aprili 2009, Kenya na Somalia zilitia saini hati ya maelewano kuhusu mawasilisho yao UN. Bunge la mpito la Somalia likaikataa mwaka huohuo. Kesi ilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Somalia ikasema hati hiyo haina nguvu. Mahakama mwaka 2017 ikasema: hapana, huu ni mkataba halali. Hati yenyewe ilisema inaanza kazi ikitiwa saini, na waziri aliyesaini alikuwa na barua ya idhini ya waziri mkuu wake.

8/ Kumbe tulishinda? Hapana. Kenya ilitaka hati hiyohiyo iizuie Mahakama kusikiza kesi. Majaji wakaisoma aya kwa aya na kukuta haisemi hivyo. Karatasi iliwabana wote wawili.

9/ Kisha Kenya ikadai kwamba Somalia ilikubali mpaka wetu kwa kunyamaza tangu tangazo letu la 1979. Hukumu ya 12 Oktoba 2021: kimya kinaweza kuhesabika, lakini ushahidi wake lazima uwe mzito, na hapa haukuwepo. Majaji walikumbuka kwamba Somalia ilikaa miaka mingi bila serikali kamili. Wakaisoma pia sheria yetu wenyewe ya 1989, iliyosema mpaka na Somalia utawekwa kwa makubaliano. Makubaliano yako wapi? Hakuna aliyeweza kuyaonyesha. Mstari uliochorwa haukumpa yeyote alichodai chote, lakini sehemu kubwa ya tulichodai ilienda.

10/ Kwa hivyo siku nyingine mkisikia "wameandika barua tu", msiulize mbona hawakupiga kelele. Ulizeni: barua inasema nini hasa? Ilipokelewa lini? Ilijibiwa? Na nakala iko wapi? Kelele za leo zitasahaulika kesho. Barua ambayo haikuandikwa, hiyo itakuja kuulizwa mbele ya majaji.

Mwisho wa uzi. Sambaza kwa yule rafiki yako wa "serikali imelala".