Maradufu: Neno Lililogeuka Swali

Briji huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, wakiketi kila mtu akimwelekea mwenzake. Kabla karata ya kwanza haijatupwa, hupigwa mnada. Kila mchezaji kwa zamu yake hutaja ni duru ngapi kati ya 13 upande wake utashinda, na turufu iwe nini: pau, uru, kopa au shupaza. Dau hupanda tu, halishuki. Lugha ya mnada huo ina kauli 38 basi, na kwa hizo wenzi wawili yawapasa waelezane yote yaliyomo mikononi mwao.

Harold Vanderbilt wa Marekani alipotunga hesabu za briji ya sasa mwaka 1925, akiwa melini katika safari iliyopitia mfereji wa Panama, adhabu ya kushindwa dau aliifanya kali. Hata hivyo, wajanja waligundua kwamba hasara nayo yaweza kununuliwa. Mwenye karata dhaifu, lakini zilizojaa aina moja, huruka juu ghafla ili awazibe njia wapinzani wasipate kusemezana. Ely Culbertson aliuwekea ujanja huo mpaka: mtu asivuke uwezo wake kwa zaidi ya duru 2 au 3, kwa kadiri ya hali ya mchezo, ili hasara isizidi pointi 500.

Aliyebanwa hasa ni mchezaji wa tatu. Mwenzake amefungua kwa uru 1, mpinzani amerukia shupaza 2. Yeye ana kopa 4 na nguvu ya wastani. Akitaja kopa 3, ameahidi asichokuwa nacho. Akinyamaza, huenda ushindi ukawapita. Kauli ya “maradufu” ilikuwapo, lakini mahali hapo ilikuwa tishio: dau hilo litawashinda, na adhabu iongezwe.

Mwaka 1957 Alvin Roth, aliyecheza pamoja na Tobias Stone, aliligeuza neno hilo. Tangu miaka ya 1910 wachezaji walikuwa wakilitumia kama swali dhidi ya dau la ufunguzi la wapinzani. Roth akalihamishia kwa mchezaji wa tatu. Maana yake ikawa: “Nina nguvu kiasi, nina aina ambazo hazijatajwa, wewe waonaje?” Kwa kuwa mwaka huohuo, tarehe 4 Oktoba, Wasovieti walirusha Sputnik angani, mtindo huo mpya nao ukapewa jina la Sputnik.

Lakini neno haliwezi kubeba tishio na swali kwa pamoja. Mwenye shupaza nzito, aliyetamani kumwadhibu mpinzani, alikuwa amepokonywa ulimi. Dawa ikapatikana katika kunyamaza. Yeye hupita kimya. Zamu ikimrudia mfunguzi mwenye shupaza chache, huyo hukishuku kimya hicho, naye husema “maradufu”. Yule wa kwanza hupita tena, na mpinzani hulipa deni lake.

Hivyo lugha ya kauli 38 ilipata maana mpya pasi na kuongezewa neno hata moja. Roth alilipunguzia neno ukali, na kimya kikarithi silaha. Wapenzi wa mafumbo wanaijua kazi hiyo tangu zamani: kimya kingi kina mshindo mkuu, mradi yupo mwenzi wa kukisikiliza.