Simu, Pensheni na Wazee wa Migodi ya Kolwezi

Ulaghai wa simu unaowaumiza wazee wa Kolwezi, nchini Kongo, una mizizi iliyotangulia simu zenyewe. Ulikuta watu waliozoeshwa kwa vizazi kuamini kila neno linalotoka kwa kampuni.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilianza kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto. Nyumba, poso ya unga, shule na hospitali vyote vilitoka kwake. Mji wa Kolwezi, ulioanzishwa 1937, ulikua katika utaratibu huo, na kampuni ya serikali, Gécamines, iliuendeleza baada ya migodi kutaifishwa 1967. Katika kambi za Musonoi, Kapata na Luilu, habari za mshahara na pensheni zilitoka ofisini, wala hapakuwa na sababu ya kuzitilia shaka.

Kisha kampuni ikaanguka. Shaba, iliyofikia karibu tani 476,000 mwaka 1986, ilishuka chini ya tani 50,000 katika miaka ya 1990. Mfumuko wa bei wa 1994 ulipita asilimia 9,000 ukamaliza akiba za waliostaafu. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa "départs volontaires", yaani kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wametumikia miongo kadhaa na kukaa miezi mingi bila mshahara. Walipewa fedha za mkupuo mmoja, na kwa miaka mingi baadaye wakadai salio lao, "décompte final".

Simu ya mkononi iliwakuta katika kungoja huko. Kampuni ya simu ya Telecel ya Miko Rwayitare, iliyoanza Kinshasa mwaka 1986, ilikuwa ya matajiri. Baada ya 2000 simu ikaenea majumbani, na M-Pesa ikaingia Kongo 2012. Tangu hapo fedha za mzee zimelindwa na tarakimu chache za siri.

Mlaghai hujitambulisha kuwa mtu wa kampuni ya simu. Husema mzee ameshinda zawadi, au fedha zimeingia kwake kwa makosa. Huomba namba ya siri, au ada ndogo ya kufungua faili. Humharakisha asikate simu, maana akikata atamuuliza mtoto wake. Kwa mtu anayesubiri haki yake tangu 2003, habari kwamba fedha zimeingia si ndoto. Ndiyo habari anayoingoja. Kumwita mjinga ni kumdhulumu mara ya pili.

Sheria ipo: mawasiliano yana mamlaka yake, ARPTC, tangu 2002, na Kanuni ya Kidijitali ya 13 Machi 2023 inaadhibu udanganyifu wa mtandaoni. Lakini fedha zikishatolewa kwenye kabini (kibanda cha wakala) ya mbali, ni vigumu kuzirudisha. Kinga ya kweli iko nyumbani. Mzee aambiwe, kwa heshima na kwa Kiswahili chake, kwamba hakuna mtumishi halali anayeuliza namba ya siri. Akate simu, kisha mtoto anayemwamini apige namba rasmi ya kampuni. Namba ya siri isiandikwe nyuma ya simu, wala isitolewe kwa kila mjukuu anayetumwa kabini. Na mzee aliyekwisha kulaghaiwa asifokewe, kwani aliyefokewa mara moja huficha ulaghai wa pili.